Jinsi ya Kuwaona Pengwini Bila Kujichosha

Ndugu yangu, ukishalipa nauli ya kufika Antaktika, nguvu nyingine usiitoe. Kule mvivu ndiye anayeona mengi. Sogea nikuelekeze uvivu unaofaa.

1. Panda meli ndogo. IAATO, chama cha kampuni zinazopeleka watalii huko, hakiruhusu zaidi ya wageni 100 kuwa nchi kavu mahali pamoja kwa wakati mmoja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haimshushi mtu hata mmoja. Kwenye meli ya watu 400 mtapokezana, nawe utashinda dirishani ukiwatazama wenzako.

2. Kubali kushindwa na bahari mapema. Kutoka Ushuaia, Argentina, kuvuka Mlango wa Drake ni kama siku mbili, na mawimbi ya huko huizunguka dunia bila kugusa nchi kavu. Usishindane nayo. Meza kidonge cha kichefuchefu meli ingali kwenye maji matulivu ya Mlango wa Beagle, maana ukishaanza kutapika hakikai tumboni. Omba chumba cha chini, katikati ya meli, ulale chali. Kesho yake panda juu umechana nywele, darubini mkononi, uwatafute albatrosi. Yule mkubwa ana mabawa yanayozidi mita 3 kutoka ncha hadi ncha. Akipita, hakuna atakayekuuliza jana ulikuwa wapi.

3. Jifunze majina matatu tu. Mwenye ukanda mwembamba mweusi chini ya kidevu, kama askari aliyefunga kofia, ni chinstrapu. Mwenye duara jeupe kulizunguka jicho ni Adélie. Mwenye mdomo wa rangi ya chungwa na doa jeupe juu ya jicho ni jentu. Pengwini kaisari, yule mrefu wa kwenye filamu, usijitape kwamba umemwona na mayai yake: hutaga majira ya baridi, wakati meli za watalii hazipo. Hapo waongo wengi hunaswa.

4. Simama. Hii ndiyo siri yenyewe. Mkishuka kwenye boti ya mpira, wenzako watatawanyika na kamera, kila mmoja akimnyemelea ndege wake. Waache. Wewe umeamriwa ukae mita 5 mbali na pengwini; pengwini hakuamriwa lolote. Tafuta njia yao, ule mfereji walioukanyaga kwenye theluji kutoka majini hadi kwenye viota, usimame kando yake kwa umbali huo, kimya. Usiketi wala usiweke begi chini, kwa sababu ya mafua ya ndege. Subiri tu. Jentu atatoka majini, ajikung'ute, akutazame kwa jicho moja, kisha kwa jingine, halafu aje mwenyewe. Viota vyao ni vya kokoto, na kokoto kule ni mali. Utamwona mmoja akikwapua ya jirani na kuipeleka kwake mbio, na huku nyuma mwingine anamwibia yeye. Wanaokimbizana na picha hawauoni wizi huu, nami nawahurumia kweli.

Kazi moja tu nakupa: mguu ukizama kwenye theluji, lifukie shimo. Pengwini akitumbukia humo, huenda asitoke.

5. Piga picha tatu, funga kamera. Hakosekani msafiri mwenye lenzi ndefu kama bomba. Mbebee mguu wa kamera, msikilize wakati wa chakula. Atakutumia zote.

6. Zawadi zisikusumbue. Port Lockroy, kituo walichokijenga Waingereza mwaka 1944 wakati wa vita, leo ni makumbusho yenye posta, na jentu wametaga mpaka mlangoni. Meli yenu ikitia nanga hapo, nunua postikadi, uwaandikie wote uliowasahau. Huchukua wiki nyingi kufika. Ukirudi nyumbani mikono mitupu, waambie zawadi iko njiani.