Theluthi ya Ugali

Hapa Tanzania, ukiachishwa kazi baada ya kuchangia mfuko wa hifadhi ya jamii miezi 18 au zaidi, sheria inakupa fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara, kwa miezi sita. Hesabu safi. Kilichobaki ni kuwatangazia watoto kwamba sasa tunakula theluthi ya ugali, na kumbembeleza mwenye nyumba, ambaye naye anaipenda sana hiyo miezi sita, ila yeye anaitaka kodi yake yote kwa mkupuo. Halafu, ili ulipwe, kuna barua: yuleyule aliyekutimua ndiye aandike kwamba kakutimua. Ukijiuzulu, fao huna. Kwa hiyo, ndugu mfanyakazi, bosi akikunong'oneza uandike barua ya kuacha kazi “tuachane vizuri,” mwambie aiandike yeye.