Wifi na Kibao cha Mlangoni

Ukoo ulishakubaliana: msingi wa nyumba ya Bibi pale Murongo uanze kabla ya masika, na saruji ifuatwe Omurushaka kwa pikapu ya Baba Mdogo. Fundi alitaka mifuko 22. "Hili ni gari la tani," akasema Baba Mdogo, "na springi nimeziongeza majani." Mifuko ikapangwa, kila mmoja kilo 50, juu yake mikungu miwili ya ndizi ya Bibi. Ndani tukajibana watu watano.

Wifi peke yake aliinama kusoma kibao cha bati kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Gari na vyote vilivyomo: kilo 2,800. Kadi ya gari ilionyesha kuwa likiwa tupu lina 1,850. "Baba, zimebaki 950, na sisi tumo humohumo." Watu watano ni kama kilo 350, mabomba ya chuma aliyochomelea nyuma ya kabini kama 60. Ilibaki nafasi ya mifuko kumi na zile ndizi. Baba Mdogo akawasha gari.

Mizani ya barabarani isingetukataza. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania Machi 2019, inataka yapimwe magari ya kuanzia tani 3.5. Pikapu inajipitia zake. Mwenye kuipima ni mwenyewe.

Tulipita Nkwenda salama. Giza lilipoingia, taa zikawa zinamulika vilele vya migomba badala ya barabara. Mama akauliza mbona gari linaangalia juu. Mzigo ulikuwa umekalia nyuma ya ekseli. Mkia ukishuka, pua inanyanyuka, tairi za mbele zinaigusa ardhi kwa wasiwasi, usukani unakuwa mwepesi, na breki za mbele, ambazo ndizo zenye kazi kubwa, zinakosa mshiko. Majani ya springi hayaongezi breki wala hayaimarishi ekseli. Yanaficha tu kule kulala kwa gari, na kwangu mimi hiyo ndiyo hatari yake kubwa.

Kwenye mteremko wa kushukia Mto Kagera breki zikaanza kunuka. Kisha, paa! Jani la springi limekatika, tairi inasugua bodi, moshi unatoka. Na mvua nayo ikafika.

Bibi alipopigiwa simu alikuja na bodaboda, akasimama katikati ya barabara na kuamuru kila kitu kishushwe. Majirani wakaleta turubai na majani ya migomba. Ndizi zikamenywa palepale, nyumba ya jirani, kwa sababu watu walikuwa na njaa. Alfajiri bodaboda wakabeba saruji, mifuko miwili miwili. Minne ilikuwa imeshalowa.

Gari lilipotengenezwa, ikaja zamu ya mchanga. Mchanga mbichi unadanganya macho: ndoo ya lita 20 ina kama kilo 35. Wifi akapiga hesabu ya dereva peke yake, akapata ndoo 23. Baba Mdogo akasimama mwenyewe kando ya bodi akihesabu kwa sauti. Ya 23 ilipomwagwa, vibarua wakamwonyesha nafasi iliyobaki.

"Fungeni mlango," akawaambia. "Nitarudi mchana."