Barua ya Wazi kwa Shirika la Reli: Tunaomba Kiwanja Ruvu

Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Reli Tanzania,
Dar es Salaam.

YAH: MAOMBI YA KUHAMISHA MJI WA MOSHI

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wakazi wa Moshi, tukiwa na akili zetu timamu, tunaomba kiwanja pale Ruvu, mkoani Pwani, tuuhamishie mji wetu. Ruvu hatukuichagua kwa kubahatisha. Ndipo reli yetu inapochepuka kutoka Reli ya Kati tangu njia ya Ruvu hadi Mnyusi ilipojengwa mwaka 1963, na ndipo SGR inapopita kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa. Kwa kuwa SGR haijaja kwetu, tumeona adabu ni sisi kuifuata.

Usishangae, kuhama tumezoea. Moshi ya kwanza ilikuwa huko juu, Old Moshi, Wajerumani walikoweka boma baada ya kumshinda Mangi Meli mwaka 1893. Mwaka huohuo wenzao kule Tanga wakaanza kutandaza reli. Fedha zikawaishia Muheza, kilomita 40 tu kutoka walikoanzia, ikabidi serikali yao iichukue kazi mwaka 1899. (Tunalitaja hili kwa nia njema: miradi kukwama haikuanzia kwenu.) Mwaka 1911 reli ikafika, kilomita 352 kutoka Tanga. Garimoshi halikuweza kupanda mlima, basi mji ndio ulioteremka, ukaja na mafaili, askari na jina lake. Wa juu wakaachiwa neno "Old" na migomba yao. Fidia ya jina hakulipwa mtu.

Na tukiri, tulinufaika. Waingereza walipotuunganisha na Voi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Kahe ikawa njia panda ya bandari mbili: ukitaka Tanga haya, ukitaka Mombasa kupitia Taveta haya. Mwaka 1929 reli ikafika Arusha. Kahawa ya wanachama wa KNCU, ushirika uliozaliwa 1933, ilishuka mlimani ikiwa kwenye magunia na kuondoka kwa behewa. Kisha ukaja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, shirika la reli likagawanywa kama mali ya marehemu, mpaka ukafungwa, na njia ya Voi ikaota majani. Miaka ikaenda, treni ya abiria ikapotea, hata ya mizigo ikafuata. Stesheni tukabaki nayo kama picha ya ukutani.

Desemba 2019 mkaturudishia treni ya abiria, baada ya zaidi ya miaka 20. Tulishukuru, na bado tunashukuru. Mama anayerudi Dar na mkungu wa mshare, debe la maharage na kuku mmoja wa kufungwa miguu anajua tofauti ya treni na basi: kule kondakta anaupima mkungu kwa macho, kisha anautajia nauli kama abiria mwenye kitambulisho. Ila tunasafiri usiku kucha, wakati wenzetu tangu 2024 wanakwenda Dodoma kwa SGR, wanahudhuria semina, wanapokea posho na kulala kwao.

Tunajua mtatuambia kuhusu SGR ya Tanga, Arusha hadi Musoma. Upembuzi yakinifu wake tunausikia kila bajeti. Umepembuliwa mpaka pumba zimekwisha.

Ndiyo maana tunahama. Soko la Mbuyuni tutalifunga kwenye marobota pamoja na mitumba ya Kiboriloni. Mbege itapikwa hukohuko, joto la Pwani litaiharakisha. Kila Desemba, Mchaga wa Kariakoo atafika nyumbani kabla chai haijapoa, na polisi wa barabarani watakosa kazi kuanzia Chalinze hadi Same. Mlima peke yake ndio tumeshindwa kuufungasha. Tutauacha ulipo, majirani waendelee kuutangaza kuwa wao.

Hivyo, kabla ya Desemba tunaomba jibu moja kati ya mawili: namba ya kiwanja cha Ruvu, au tarehe ya kuweka taruma la kwanza la SGR ya kuja Moshi. Tarehe, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, yaani siku, mwezi na mwaka. Maneno "mchakato unaendelea" tunayo ya kutosha, hatuna tena pa kuyahifadhi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wakazi wa Moshi (kwa sasa)