Mstari wa Daku

Usiku wa Ramadhani 11 nilijifungia chooni na kipimo cha mimba nilichonunua duka la dawa la mtaani kwetu, hapa Tanga. Tulikuwa tumetoka kufuturu. Kwa kiu ya kutwa nzima nilikuwa nimekunywa bakuli mbili za uji wa pilipili manga, dafu zima na maji nisiyoyahesabu. Nilichovya, nikakaa na saa mkononi dakika 5. Mstari ukatoka penye C. Penye T, weupe mtupu. Nilikiweka juu ya kidirisha, nikanawa uso, nikaenda kulala bila kumwambia mtu. Mume wangu ningemweleza asubuhi.

Saa tisa usiku mlango wa chumba ukagongwa. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Pangani kufunga nasi, alisimama pale na tochi ya simu mkono mmoja, mkono wa pili kipimo changu.

"Mkaza mwana, amka. Mstari wa pili huu hapa."

Nilitazama. Kweli palikuwa na kitu penye T, chembamba, rangi ya majivu. Kabla daku halijaisha, wifi wa Muheza alishapigiwa simu, mume wangu alikuwa amekaa jikoni anafuta machozi, na sahani yangu ilikuwa na mayai mawili badala ya moja. Wote walinishangilia. Mimi peke yangu ndiye niliyesoma kitu kile kwa wakati wake, na mimi peke yangu ndiye nisiyejua la kuamini.

Hata kalenda haikunisaidia. Niliacha sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu, na wengi wetu tukiiacha siku zetu huchukua miezi mingi kurudi kwenye mpangilio. Kwa hiyo kuambiwa "pima ukichelewa" kwangu ni maneno matupu. Kuchelewa kutoka tarehe ipi?

Mchana mume wangu alinunua vipimo vingine vitatu, akaviacha kwenye gari juani, juu ya dashibodi, mpaka Alasiri. Kimoja nilikijaribu kabla ya adhana ya Magharibi. Hakikuonyesha mstari wowote, hata wa C. Wifi akasema kwa simu kwamba basi hakuna mimba, na nyumba ikanyamaza. Futari ile nakumbuka sauti ya vijiko tu.

Kesho yake nilikwenda zahanati na vipimo vyote viwili ndani ya bahasha. Nesi hakuniuliza kama nina kichefuchefu. Aliuliza: "Hiki kilisomwa saa ngapi?"

Swali hilo ndilo lililokuwa limekosekana nyumbani kwetu. Kipimo kile cha ukanda husomwa ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye karatasi yake, mara nyingi 3 hadi 5, na baada ya dakika 10 hakisomwi tena. Mkojo ukikauka huweza kuacha alama penye T, ya kijivu, isiyo na rangi ile ya mstari wa C. Mama aliikuta alama ya mkojo uliokauka. Nacho kile cha pili hakikusema hakuna mimba. Hakikusema lolote. Mstari wa C ni shahidi kwamba kipimo kimefanya kazi, na shahidi asipotokea hakuna hukumu. Pakiti nyingi zimeandikwa zihifadhiwe kwenye nyuzijoto 2 hadi 30, na dashibodi ya gari Tanga mchana ni tanuri.

Lakini hata ule weupe wangu wa kwanza, ambao niliusoma kwa saa, haukuwa jibu la mwisho. Kipimo hutafuta homoni iitwayo hCG, ambayo huanza kutolewa mimba ikishajishika kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, na hilo huchukua siku 6 hadi 12 baada ya yai kutoka. Vingi vya dukani huiona ikifika kiwango cha 25. Siku za mwanzo homoni hiyo hujizidisha maradufu kila baada ya siku 2 au 3, kwa hiyo aliye na 5 leo, wiki moja baadaye anaweza kuwa amevuka 25 kwa mbali. Nami niliimwagia maji na dafu. Nesi akasema nirudie baada ya wiki, mkojo wa kwanza wa kuamka, na kipimo kisichopigwa jua.

Kuna mwanamke mmoja wa Marekani, Margaret Crane, ambaye siku hizo nilimfikiria sana. Mwaka 1967 alikuwa mchoraji katika kampuni ya dawa ya Organon, New Jersey. Aliona mirija ya kupimia mimba imepangwa maabara, akauliza kwa nini mwanamke asijipimie nyumbani. Kifaa alichobuni kilianza kuuzwa Kanada mwaka 1971 na Marekani mwaka 1977. Aliona kwamba mwenye mwili ndiye anayestahili kujua wa kwanza. Kwetu wengine walitoa hukumu kabla yangu.

Ramadhani 19 niliamka kabla ya wote. Nikafunga mlango kwa komeo, nikashika saa. Dakika ya pili mstari wa T ukaanza kupanda, waridi, rangi ileile ya mwenzake. Nilikaa nao mpaka dakika 5 zikatimia. Kisha nikamwamsha mume wangu, na ndipo tukaenda pamoja kugonga kwa mama.

"Mama, hatumpigii mtu simu," nilimwambia. Hakuuliza kwa nini. Alikuwapo miaka minne nyuma dada yangu alipopata mistari miwili iliyokoza, tukapika, tukaalika, na wiki tatu baadaye akaanguka kwa maumivu ya tumbo upande mmoja. Mimba ilikuwa imetunga kwenye mrija. Kipimo chake hakikudanganya, homoni ilikuwapo kweli. Ila ukanda hauwezi kusema mimba imekaa wapi. Alipona kwa kupasuliwa usiku uleule, na tangu siku hiyo maumivu ya tumbo au damu baada ya mistari miwili sisi hatungoji nayo kuche.

Wiki ya pili baada ya Idi nilipigwa picha ya ultrasaundi. Daktari alinigeuzia skrini, akanionyesha kitone kinachopigapiga.

Mama mkwe alikuwa kwenye benchi la nje, mkoba magotini, simu mkononi imezimwa.

"Kimekaa mahali pake, mama."

Aliinama, akaweka kiganja juu ya goti langu, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akaiwasha simu.

"Naanza na Muheza," akasema.