Sifa Njema za Amplifaya Isiyokwisha

Amplifaya ya valvu ya kusikilizia hedfoni, ile inayouzwa ikiwa vipande vipande ili mnunuzi aiunge mwenyewe, imesemwa vibaya kwa muda mrefu. Inadaiwa kuwa ni ghali, inachemka, inavuma, inaweza kuua mtu, na kwamba kidude cha transista kinachoenea mfukoni hufanya kazi ileile kwa sehemu ndogo ya bei. Madai hayo yote ni ya kweli. Wanaoyatoa wamekosea jambo moja tu, nalo ni kuyahesabu kuwa kasoro.

Mfano unaofaa ni seti iitwayo Crack, ya kampuni ya Bottlehead iliyoko jimbo la Washington, Marekani. Ndani yake mna valvu mbili. Ndogo ni 12AU7, ambayo Ulaya huitwa ECC82, na kazi yake ni kukuza mawimbi ya sauti. Kubwa ni 6080, inayosukuma mkondo hadi kwenye hedfoni. Hii ya pili haikuzaliwa kwa ajili ya muziki hata kidogo: inatokana na 6AS7G ya kampuni ya RCA, iliyokusudiwa kudhibiti volti katika vyanzo vya umeme vya mitambo. Waungaji wa nyumbani ndio walioipa cheo.

Fadhila ya mwanzo ya chombo hiki ni mkono wazi. Valvu haifanyi kazi mpaka kathodi yake ipashwe moto, elektroni zipate nguvu ya kuiacha metali. Hita ya 6080 hula ampia 2.5 kwa volti 6.3, na ya 12AU7 ampia 0.3 kwa volti hizohizo, jumla wati 17 na ushei kabla muziki haujaanza. Upande wa pili wa hesabu ni hedfoni. Sennheiser HD 600, yenye omu 300, ikipewa volti 1 hutoa sauti ya desibeli 97, ambayo si ya kusikiliza kutwa, na volti hiyo ni sawa na miliwati 3.3 tu kwa kila sikio. Hita peke yake, basi, zinatumia zaidi ya mara 2,500 ya nguvu inayomfikia msikilizaji. Kinachobaki ni joto, na chumba chote hugawiwa bila ubaguzi. Mkazi wa Mombasa au Dar es Salaam hupokea mgawo huo hata mwezi wa Februari.

Kuunga vyombo vya elektroniki nyumbani ni desturi ya siku nyingi. Kampuni ya Heath ya Benton Harbor, Michigan, ilianza kuuza seti ya kujiundia osiloskopu mwaka 1947. Desemba ya mwaka huohuo, katika maabara za Bell, transista ilifanya kazi kwa mara ya kwanza, na valvu ikaanza safari ya kwenda stoo. Kwamba miongo kadhaa baadaye kuna watu wanaoitoa stoo kwa hiari yao ni ushahidi wa ubora ambao vipimo havijaweza kuuona.

Seti hufika na bati la alumini lililotobolewa matundu, kisanduku cha mbao cha kulibeba, transfoma, soketi, nyaya, na vifuko vya vipuri vidogo. Anayeagiza kutoka Afrika Mashariki huhakikisha mapema kwamba transfoma inakubali volti 230 au 240, maana ile ya volti 120 ikichomekwa ukutani Nairobi huhitimisha mradi kwa harufu. Hakuna kadi ya saketi: kila waya hukatwa, humenywa, hukunjwa kwenye kishikizo chake na kulehemiwa kwa mkono. Hapo ndipo mafunzo ya macho huanza. Rezista yenye mistari ya rangi nyekundu, zambarau na kahawia ni ya omu 270; yenye nyekundu, zambarau na chungwa ni ya omu 27,000. Chini ya taa ya njano kahawia na chungwa hufanana mno, na tofauti kati yake ni mara 100. Pini za soketi za valvu nazo huhesabiwa kwa kufuata mwendo wa saa soketi ikitazamwa kutoka chini. Anayeitazama kutoka juu huhesabu kwa uhakika uleule na kupata amplifaya nyingine kabisa, ambayo bado haina mhandisi aliyeibuni.

Lehemu ya bati asilimia 63 na risasi asilimia 37 huyeyuka kwenye nyuzi 183, lakini mwanafunzi mwenye pupa huyeyusha lehemu kwenye ncha ya pasi badala ya kupasha kiungo chenyewe. Matokeo ni kidonge kizuri, chenye kung'aa kidogo, kilichokaa juu ya waya bila kuushika. Kiungo cha namna hiyo kina heshima zake: hufanya kazi siku ya majaribio, hukaa kimya wiki kadhaa, kisha hukata sikio la kushoto mbele ya wageni.

Chombo hiki pia hufundisha adabu. Mfumo wake wa ndani una umeme wa moja kwa moja wa zaidi ya volti 150, na kapasita zake huweza kushikilia chaji hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Mtu mzima ambaye hakuwahi kusoma maelekezo ya kifaa chochote maishani mwake husoma haya mstari kwa mstari. Hupima kwa mita kabla ya kugusa, mkono mmoja akiuweka mfukoni ili shoti isipate njia ya kupitia kifuani. Hakuna rimoti ya televisheni iliyowahi kuheshimiwa hivyo. Vipimo vya omu hutangulia, umeme ukiwa haujawashwa. Vya volti hufuata. Hedfoni huja mwisho kabisa, na si zile za bei kubwa. Chini ya soketi ya 12AU7 daiodi mbili ndogo huwaka nyekundu zikiashiria kwamba mkondo unapita katika pande zote mbili. Ikiwaka moja tu, usiku bado mrefu.

Zikiwaka zote, amplifaya huanza kuvuma.

Mvumo huu umetukanwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya chombo, ilhali ndiyo iliyojaa elimu. Umeme wa Afrika Mashariki hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, wa Marekani mara 60. Mvumo mzito wa hezi 50 kwa kawaida hutoka kwenye nyaya za hita au kwenye sumaku ya transfoma, na tiba ya nyaya ni kuzisokota pamoja kwa kubana ili uga wa mmoja ufute wa mwenzake. Mvumo wa hezi 100, wenye ukali kidogo, hutoka kwenye chanzo cha umeme, kwa kuwa daiodi zake hukunja kila wimbi mara mbili na kapasita zimeshindwa kulilaza. Ukija pale tu kompyuta inapounganishwa, huenda waya wa ethi unapita njia mbili na kufanya mzunguko. Na ukipungua kidole kinapogusa gamba la metali la kirekebisha sauti, gamba hilo halijaunganishwa na ethi. Kwa mkondo wa namna hii mtu anaweza kuhitimu somo zima la sumaku-umeme bila kusikiliza wimbo hata mmoja. Inafaa kukumbuka vilevile kwamba huu ndio muziki pekee katika maktaba yake unaopigwa mubashara, na wanaoupiga ni shirika la umeme la taifa.

Mvumo ukiisha, huja hatari ya kutosheka. Watengenezaji wameiona mapema na kuleta maboresho. Boresho mashuhuri la Crack huitwa Speedball, nalo huondoa baadhi ya rezista na kuweka mahali pake saketi za kushikilia mkondo usiyumbe. Saketi hizo zimejengwa kwa transista. Mnunuzi aliyeikimbia transista, basi, huilipia ziada ili valvu ziimbe vizuri zaidi, na kweli huimba vizuri zaidi.

Hufuata kapasita za kutolea sauti. Zilizokuja na seti, za maikrofaradi 100, hupitisha hadi chini ya hezi 6 zikiwa na hedfoni ya omu 300, wakati sikio la binadamu huanzia karibu hezi 20. Hazina kosa, ila ni za bei rahisi. Hubadilishwa na za filamu zenye ukubwa wa kopo la soda, zisizoenea ndani ya kisanduku, na kisanduku kipya hutafutwa. Kisha valvu zenyewe: ECC82 ya Mullard ya Blackburn, ya Telefunken yenye alama ya almasi kitakoni, au 5998 ya Tung-Sol mahali pa 6080. Hii ya mwisho hukuza zaidi, hivyo tofauti yake hupimika. Kwa nyingine hukumu hutolewa na kumbukumbu ya sikio, ambayo lazima ingoje valvu ya kwanza ipoe na ya pili ipate moto. Katika mazingira hayo valvu ya bei kubwa mara chache hushindwa.

Linabaki suala la hedfoni zenye omu 32. Amplifaya hii ina ukinzani wa zaidi ya omu 100 kwenye mlango wake wa kutokea. HD 600 huufurahia, kwa kuwa ukinzani wake yenyewe hupanda kwenye besi na besi hujaa. Kwa hedfoni ya omu 32, zaidi ya robo tatu ya volti hubaki ndani ya amplifaya. Mwenye hedfoni hizo huhitaji saketi yenye transfoma ya kutolea sauti, moja kwa kila upande, kwa hiyo mita na pasi ya kulehemu hazirudishwi kabatini.