Bunduki Iliyonenepa

Mume wangu ana cheti halali cha kumiliki bunduki fupi ya wenzo. Ukiusukuma wenzo mbele, ganda la risasi linaruka. Ukiurudisha, risasi nyingine inaingia. Aliiomba kwa ajili ya kulinda ng'ombe wake kule Laikipia. Hapa Ruiru haina kazi, inakaa ndani ya sefu ya chuma kabatini.

Balaa lilianza aliposoma habari za Theodore Roosevelt. Rais huyo mstaafu wa Marekani alifika Kenya mwaka 1909, akakaribishwa na tajiri McMillan katika shamba lake la Juja, hapa jirani. Silaha aliyoisifia kuwa dawa ya simba ilikuwa Winchester ya wenzo, modeli ya 1895.

"Mama Njeri, bunduki ya heshima haikai uchi," akaniambia.

"Baba Njeri, uwindaji ulipigwa marufuku 1977. Simba gani wa mtaa wetu huu wa Kimbo anayekusumbua?"

Hakunijibu. Silaha haiachwi kwa fundi asiye na leseni, kwa hiyo alikata katoni ya mafuta ya kupikia kwa umbo la kitako na wenzo, akaipeleka Thika kwa fundi wa ngozi, Makongeni. Kazi ilirudi safi: ngozi nene ya kahawia, uzi uliotiwa nta, vijumba vya risasi ubavuni mwa kitako. Jioni nzima akawa anavisha na kukaza, koleo mkononi, ulimi nje. Chai ikapoa mbele yake.

Wakati wa kulala, sefu ikakataa kufungika. Akatanguliza kitako, akatanguliza mtutu, akailaza ubavu. Mlango ukabaki na pengo la kidole.

"Si niiweke tu chini ya kitanda, usiku mmoja?"

Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, akavuta kiti hadi mbele ya kabati akakikalia.

"Hapa halali mtu mpaka hicho chuma kifungiwe. Humu mna wajukuu wangu."

Mama akishasema hivyo, hakuna rufaa. Wembe ukaletwa, uzi ukakatwa tundu baada ya tundu, na ufunguo ukazunguka majogoo wakiwika.

Fundi hakurudisha pesa, wala hakuwa na kosa: alishona alichopimiwa. Nawe mwenye cheti, kabla ya kuivisha bunduki yako, pima sefu kwanza. Haviingiani? Basi kinachovuliwa ni vazi.