Namna ya Kuwa Gwiji wa Sanaa Njombe Bila Kushika Brashi

Kwanza, panga fremu hapa kata ya Ramadhani. Mlangoni usiandike "duka", maana duka lina bei na bei huzaa maswali. Andika "Kituo cha Urithi". Kibao mpe yule kijana aliyechora vichwa vilivyonyolewa kwenye saluni za mtaa mzima. Mlipe nusu, nusu nyingine iwe ahadi. Amekuzidi usanii kwa mbali, ila usimwambie, atapandisha bei.

Pili, kuta. Usihangaike kumtafuta mchoraji wa Njombe. Panda basi la Dar, nenda Oysterbay, rudi na picha za tingatinga za kutosha: simba, twiga, tembo, na Kilimanjaro kwa nyuma. Najua, watalii wanaofika mkoani kwetu huenda Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, kutazama maua. Haidhuru. Ua halina meno, na ukutani meno ndiyo yanayouza.

Mgeni akiuliza historia, usitetereke. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru, na ukitoka Makambako kwenda Songea unapita Njombe, kwa hiyo ni jirani. Alianza kuchora Dar mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mraba vya hadibodi. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu ya kazi! Mgeni akisisitiza kujua kama hii iliyo mbele yake ni ya mkono wake, tabasamu, kisha sema taratibu: "Ni ya ukoo." Huo si uongo kamili. Ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakaunda ushirika. Rangi ikiwa bado mbichi, mkalishe mbali.

Tatu, asili. Hapa ndipo penye hela, na ndipo usipohitaji hata nauli, kwa sababu mali iko jikoni kwa shangazi yako. Chukua kikapu chake cha milulu. Duniani vikapu hivi vinaitwa vya Iringa, nasi tulikuwa mkoa wa Iringa hadi 2012. Kwa hiyo mbele ya mnunuzi wewe ni Iringa. Halmashauri ikitangaza ile mikopo ya asilimia 10, wewe ni Njombe, tena kijana, tena una kikundi. Chungu tafuta cha Wakisi wa ufukwe wa Ziwa Nyasa, kule Ludewa, ambako akina mama hufinyanga bila gurudumu. Kikiwa kipya kitundike juu ya moshi wa kuni za miwati wiki moja. Kikitoka humo, ni cha bibi.

Nne, uzinduzi. Mgeni rasmi, utepe, mikasi, soda, risala. Mchora vibao mweke nyuma, karibu na spika, asisikike.

Jihadhari na mtu mmoja tu: mwalimu mstaafu atakayemtaja Sam Ntiro. Huyu Mchaga alichora watu wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, na jumba la sanaa ya kisasa la New York likaiweka picha hiyo katika hazina yake. Mwalimu atauliza kwa nini hapa hapana hata mtu mmoja anayegema ulanzi, wala sakitu ya Juni juu ya viazi, wala abiria wa TAZARA wamejikunyata stesheni ya Makambako. Mjibu kwamba mradi huo uko awamu ya pili. Mwongeze soda.

Tano, kipengele ambacho hakuna gwiji aliyekishinda. Shangazi atakuja. Hakualikwa, lakini amesikia muziki. Mwamkie "kamwene" haraka kabla hajafika mezani, ingawa haitasaidia. Atakisoma kile kikaratasi kinachosema kikapu ni cha karne iliyopita, atakigeuza kikapu chenyewe, atakuta upindo alioutengeneza mwenyewe mwezi wa tatu, na atakuita kwa jina lako la utotoni mbele ya mgeni rasmi.

Usibishane naye. Toa kadi zako za biashara ulizozipanga ndani, mpe kikapu chake. Ana viazi vya kupeleka sokoni.